Je, Samaki wa Mtoni Ana Mwenyewe?

Mtu mmoja alitusimamisha baada ya Misa akatuuliza neno, nasi hatukuwa na jibu papo hapo. Alisema: “Kuiba kuku wa jirani ni dhambi, maana kuku ana mwenyewe. Lakini samaki wa mtoni hana mwenyewe. Basi nikimvua akiwa na mayai tumboni, nimemdhulumu nani?”

Wasomaji wapenzi, swali hili si la mchezo. Sisi watu wa Kamina twakaa mbali na maji makubwa. Samaki hutufikia amekwisha kukaushwa, kwa reli kutoka Bukama au juu ya baisikeli, akiwa mweusi na mkavu kama kuni. Hatumwoni mvuvi, wala wavu, wala majira aliyovuliwa. Twaona bei tu. Lakini kila anayekula bukari kwa samaki amekwisha kuingia katika shauri hilo, apende asipende.

Tuanze na mvuvi, kwa kuwa ndiye anayelaumiwa upesi. Katika mto Lualaba na katika maziwa ya Upemba na Kisale, mvuvi huenda mara nyingi peke yake au na mwanawe, katika mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja. Nchi ile ina watu tangu zamani sana. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa na wataalamu tangu 1957, yametoa vyungu na vitu vya shaba vya watu waliokaa pale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Watu wote hao walikula samaki, na ziwa halikwisha. Basi mvuvi asemapo, “Mtumbwi wangu ni mmoja na maji ni mengi,” hasemi uongo. Babu yake alisema hivyo hivyo, na alikuwa na haki.

Lakini tusikilize habari ya jirani zetu wa mashariki, kwenye mto Luapula, upakanao na Zambia. Katika ziwa Mweru alikaa samaki aitwaye mpumbu. Mvua zilipoanza, alitoka ziwani akapanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, na watu walimngoja kama tungojavyo mavuno. Huko Kasenga walikuwako wafanya biashara Wagiriki, wenye barafu na malori, waliopeleka samaki Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakaliwe na watu wa migodi. Faida ilikuwa nzuri. Nyavu zikaongezeka, zikatandwa njiani mwa samaki wakati ule ule wa kupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu walingoja mvua. Mvua ilikuja, mpumbu hakuja kama zamani. Hata leo hajarudi kwa wingi ule.

Nani alimmaliza? Mfanya biashara atasema, “Mimi sikuvua, nilinunua.” Mvuvi atasema, “Mimi nilitega nyavu zangu, wenzangu walitega zao.” Mtu wa mgodi atasema, “Mimi nilikula nilichouziwa.” Wote watatu wasema kweli, wala mpumbu hayupo. Hapo ndipo penye ugumu. Tumezoea dhambi yenye mtu mmoja, saa moja na jirani mmoja aliyeumizwa. Dhambi hii imegawanyika vipande vidogo vidogo hata kila mtu huona chake ni kama vumbi.

Sasa tumjibu ndugu yetu. Katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, imo amri ndogo ambayo wengi huipita wakisoma. Mtu akikuta kiota njiani na mama amelalia, aweza kuyatwaa makinda, lakini mama amwache aende zake. Ndege wa porini naye hakuwa na mwenyewe. Tena amri haimkatazi mtu kula. Yamkataza kutwaa mama na watoto pamoja. Basi kukosa mwenyewe si ruhusa ya kumaliza.

Atatubishia: “Vema, lakini nani ameumizwa?” Tumfikirie baba mwenye shamba moja tu. Anaoa leo, na kabla mtoto wa kwanza hajachukuliwa mimba analiuza shamba na kula fedha zote. Mtoto atakapozaliwa na kuona njaa, je, tutamwambia kwamba hakudhulumiwa, kwa kuwa siku ile ya kuuza hakuwa na jina? Hakuna mzee wa Kiluba atakayekubali hukumu hiyo.

Watu wa mbali nao wameshindana na neno hili. Katika bahari ya kaskazini yuko samaki aitwaye samoni. Huzaliwa mtoni, huenda kukua baharini, kisha hurudi mto ule ule aliozaliwa. Wale wa Pasifiki hutaga mara moja na kufa. Kando ya pwani ya Marekani wako wanaomvua kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ambao Wainuit na Waaleut waliutengeneza tangu kale kwa ngozi za wanyama wa baharini. Mvuvi wa kayaki humkuta samoni bado yumo katika maji ya chumvi, kabla hajaingia mtoni kutaga. Mahali pengi sheria humwambia amtazame mgongoni, karibu na mkia, penye pezi dogo la nyama. Likiwa limekatwa, samaki huyo alilelewa katika vituo vya kuzalishia, aweza kumchukua. Likiwa zima, ni samaki wa mto wenyewe, amrudishe majini. Mtu yu peke yake baharini, hakuna askari, hakuna shahidi, samaki mkubwa yu mikononi mwake. Twakiri kwamba hatujui kama sisi tungemrudisha.

Lakini tusijidanganye kwamba kila mtu yu katika hali hiyo. Yule wa kayaki, wengi wao huvua kwa kupenda. Akimwacha samaki, nyumbani kuna nyama. Kwetu yuko mama mjane anayenunua kipimo cha samaki wadogo wadogo, kwa sababu ndio wa bei yake. (Hatusemi ndagala, ambaye ni mdogo hata akizeeka, twasema watoto wa samaki wakubwa, waliokokotwa kwa vyandarua vya mbu.) Mjane huyu hana dhambi, na anayemkemea sokoni amekosa adabu. Twaona kosa huwa zito kadiri mtu alivyo na nafasi ya kuchagua: mwenye mtaji anayeagiza nyavu zitandwe mdomoni mwa mto, na sisi wenye mshahara tunaotafuta samaki mwenye mayai kwa sababu ni mtamu.

Huko Zambia serikali hufunga uvuvi tangu Desemba hata mwisho wa Februari, samaki wapate kutaga. Ni sheria njema. Na katika mto Yukon, Marekani na Kanada walipatana mwaka 2024 kuacha kumvua samoni mkubwa wa mto ule kwa miaka 7. Ila katika mapatano ya namna hii wanaofunga mkanda kwanza ni watu wa kando ya mto, ambao hawakuwa na malori wala barafu.

Tulipomwona tena yule ndugu, tulimweleza hayo yote, kiota na shamba na mpumbu. Alisikiliza kwa heshima. Kumbe ni mwana wa Bukama, na kaka yake yumo majini hata sasa. Mwisho akasema, “Nimekubali, wazee. Kaka yangu avute mtumbwi nchi kavu miezi mitatu. Sasa niambieni, miezi hiyo ninyi wa Kamina mtanunua nini kwake, na miezi mingine tisa mtamwongezea bei kiasi gani?”