Je, Msimulizi Ana Haki ya Kudanganya?

Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mwenzao mmoja, yaani msimulizi, huwaelezea dunia wanamotembea: mji, msitu, soko, adui. Mchezaji husema anachotaka kufanya. Matokeo yakiwa na shaka, hurushwa dadu, aghalabu ile yenye nyuso 20. Katika ngano zetu hadhira huitikia "Pakawa!" kisha humwachia fanani hadithi yake. Hapa hadhira huingia ndani ya hadithi na kuamua.

Ni nini basi huifanya dunia hiyo ya maneno ionekane hai? Nilipoanza kusimulia, bwenini kwetu hapa Kampala, nilidhani ni wingi wa maelezo. Nilichora ramani, nikaorodhesha wafalme, nikapanga hata bei ya chumvi. Wenzangu walipiga miayo. Walichangamka siku waliporudi katika kijiji walichokuwa wamekataa kukisaidia, wakakuta mvuvi waliyemzoea ameuza mtumbwi wake na kuhama. Mvuvi huyo hakuwasubiri. Alikuwa na mambo yake.

Nikadhani nimeelewa. Usiku mmoja mhusika ambaye rafiki yangu alikuwa amemlea muhula mzima alikuwa akipigana darajani. Desturi humruhusu msimulizi kurusha dadu zake nyuma ya kadibodi. Nilirusha, ikatoka 20: pigo la kuua. Nilimtazama rafiki yangu, nikasema, "Amekukosa." Aliruka kwa furaha.

Wiki iliyofuata nilimwambia ukweli, nikitarajia shukrani. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo na yale mengine niliyoshinda, nilishinda mimi au ulinishindia wewe?"

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni burudani, na uongo unaomfurahisha rafiki haumdhuru mtu. Hoja hiyo ina uzito. Huruma ni wema, na hakuna aliyekufa kweli darajani pale. Tena, kama sote tungekubaliana mapema kwamba wahusika wasife, nisingekuwa mwongo. Hiyo ingekuwa kanuni yetu. Kosa langu halikuwa huruma bali siri. Nilimwondolea rafiki yangu hatari aliyoamini kwamba anaikabili, na pamoja nayo nikamwondolea ushindi wake. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Naongeza kwamba asiyeruhusiwa kushindwa hashindani.

Sasa naona kwamba mvuvi yule na dadu ile vinafundisha jambo moja. Dunia huwa hai inapoweza kutukatalia. Inayopinda kila tunapotaka ni kioo tu, nasi humo tunajiona wenyewe. Msimulizi anayetaka dunia yake iishi hana budi kuwa mwaminifu kwayo, hata pale uaminifu huo unapomuumiza anayempenda.

Siku hizi narusha dadu mezani, mbele ya macho ya wote. Mwezi uliopita mhusika yuleyule aliuawa, na kila mmoja aliiona namba. Rafiki yangu alikunja karatasi yake taratibu, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Niliogopa kwamba nimempoteza. Juma lililofuata alikuwa wa kwanza kufika, mkononi ana karatasi mpya.