Jibu na Sababu Yake

Nchi ya Ngara ni nchi ya vilima na migomba, imepakana na Rwanda na Burundi, na mchezo wa bao umevuka mipaka hiyo bila ya kuulizwa hati ya kusafiria. Wanyarwanda huuita igisoro, Waganda huuita omweso, na watu wa pwani wana bao lao lenye sheria nyingi zaidi. Lakini mashimo ni yale yale 32, kete ni zile zile 64, na uchungu wa kushindwa hauna kabila.

Na awepo, kwa mfano, mzee mmoja wa Murukulazo aliye mjuzi wa mchezo huu, akae jioni pamoja na mjukuu wake aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu. Mzee azipange kete kama zinavyokuwa katikati ya mchezo, upande mmoja ukiwa hatarini, kisha aulize: “Mjukuu wangu, mwenye upande huu aanzie shimo lipi apate kuokoka?” Kijana aombe muda mpaka kesho. Usiku aupeleke mpango ule katika programu ya simu yake, na asubuhi arudi na jibu: “Shikamoo babu. Aanzie shimo la tatu kutoka kushoto.” Mzee aitikie marahaba, ajaribu, aone kuwa ni kweli. Ndipo aulize mara ya pili: “Kwa nini la tatu, wala si la nne?” Kijana anyamaze.

Ukimya huo una maana kubwa kuliko mchezo wenyewe. Kijana hakusema uongo, wala hakukosea. Kama ujuzi ni kuwa na jibu sahihi, basi yeye ni mjuzi. Lakini hapana msikilizaji ambaye hataona kuwa kuna kitu kimepungua. Ni kitu gani hicho? Na je, kupungukiwa nacho ni hasara tu, au ni kosa?

Swali hili limepata mfano mkubwa katika mchezo mwingine, wa mbali na Ngara. Mchezo wa Go ulizaliwa China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ukastawi sana Japani. Huchezwa kwa kete nyeusi na nyeupe juu ya ubao wa mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Kete zilizozingirwa hata zikakosa nafasi tupu ya kupumulia hutolewa, na mshindi ni yule aliyemiliki eneo kubwa zaidi. Sheria zake mtoto huzifahamu kwa saa moja. Lakini idadi ya mipango halali ya kete, iliyohesabiwa kikamilifu mwaka 2016 na John Tromp, ni namba yenye tarakimu 171.

Mwaka 1713 Inoue Dosetsu Inseki, mkuu wa mojawapo ya nyumba nne za mabingwa wa Japani, alikusanya mafumbo ya mchezo huo katika kitabu kiitwacho Igo Hatsuyoron. Nyumba yake ilikificha kitabu hicho kwa ajili ya kuwanoa wanafunzi wake. Fumbo la 120 ndilo lililopata sifa ya kuwa gumu kupita yote. Linaenea ubao mzima: vita vya pembe moja vimefungamana na vita vya pembe nyingine, na mwisho wake huamuliwa kwa tofauti ndogo ya alama. Katika karne ya 20 bingwa Fujisawa Hideyuki na wanafunzi wake walilifanyia kazi kwa muda mrefu, uchambuzi wao ukatolewa mwaka 1982. Baadaye wapenzi wa mchezo huko Ujerumani, watu wasiokula kwa Go, wakaonyesha kuwa njia ile ilikuwa na kasoro.

Kisha zikaja kompyuta. Mwaka 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol kwa michezo 4 kwa 1, na watu wengi wakadhani kuwa mafumbo ya kale yamekwisha. Haikuwa hivyo. Fumbo la 120 lina maumbo ambayo hayatokei katika michezo ya kawaida, na programu iliyojifunza kwa michezo ya kawaida haikuyatambua. Mwaka 2019 David Wu, mtungaji wa programu ya KataGo, aliifunza upya kwa kuichezesha yenyewe kwa yenyewe mara nyingi, ikianzia katika fumbo lile na matawi yake. Ndipo ilipoanza kuonyesha hatua ambazo macho ya wanadamu yalikuwa yamezipita.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Mashine hiyo haikuandika hata sentensi moja ya maelezo. Ilitoa hatua, na pamoja na hatua ilitoa kadirio: uwezekano wa kushinda ni huu, alama ni hizi. Wachambuzi ndio waliolazimika kuihoji. Waliweka kete pale ambapo mashine imekataa, wakatazama adhabu itakayofuata. Wakarudi, wakaweka kwingine. Mpaka wakaweza kusema kwa maneno yao kwa nini hatua hii huokoa na ile huangamiza. Mashine ilikuwa shahidi, na shahidi hata akiwa mkweli hana budi ahojiwe, kwa maana ushahidi haujawa hukumu.

Wako watakaosema kuwa kazi hiyo ni bure. Jibu likiwa sahihi, sababu ya nini? Mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani. Hoja hii ina nguvu, na nguvu yake huzidi pale ambapo sababu yenyewe haiwezi kuingia katika kichwa cha mtu. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliumaliza kabisa mchezo wa awari, ndugu wa bao huko Afrika ya Magharibi, wenye mashimo 12 na kete 48. Kompyuta zao zilipitia mipango zaidi ya bilioni 889, na ikathibitika kuwa wachezaji wawili wasiokosea kamwe watatoka sare. Hakuna binadamu atakayeipitia njia hiyo kwa miguu yake. Je, basi, hakuna anayejua kuwa awari ni sare?

Jawabu ni kuwa jambo hilo laweza kuaminiwa kwa haki, lakini mwenye kuamini anadaiwa unyofu wa ulimi. Kusema “najua” ni jambo moja, na kusema “nimeambiwa” ni jambo jingine. Wanazuoni wa zamani wa pwani walipotoa habari walitaja na mnyororo wa walioipokea, wala hawakuona kuwa hilo linawashushia heshima. Tena mwenye kuambiwa hana budi kupambanua aliyemwambia: mashine ya awari imehesabu yote, na ile ya Go imekisia vizuri sana. Anayezichanganya hizo mbili hupokea kisio kana kwamba ni thibitisho.

Kosa, basi, si kuomba msaada. Kuuliza si ujinga. Kosa ni kuvaa jibu la kuazima kana kwamba limeshonwa nyumbani. Katika mchezo wa jioni kosa hilo halimwumizi mtu. Lakini kijana yule yule kesho atakuwa tabibu, hakimu, au bwana shamba, na atakapomwambia mkulima wa Murukulazo kuwa mashine imesema ang’oe migomba yake, mkulima atauliza lile lile la mzee: kwa nini? Mtu anayebeba hasara ya jibu ana haki ya kudai sababu yake. Asiyeweza kuitoa, na asiyekiri kuwa hanayo, amemdhulumu, hata kama jibu ni sahihi.

Wala mzee naye hakuachwa bila deni. Wajuzi wa Go waliishi muda mrefu na jibu lenye kasoro kwa sababu lilitoka kwa wakubwa. Siku mashine itakapoonyesha kuwa shimo alilolisifu miaka yote si lenyewe, uzee hautakuwa hoja. Na yeye atapaswa kuhojiwa, na kuuliza.

Na iwe, basi, kwamba kijana baada ya kunyamaza aseme: “Babu, sijui. Niliambiwa na simu.” Na mzee asicheke. Azirudishe kete mahali pake, amwambie aanzie shimo la nne, wasogee pamoja shimo kwa shimo, mpaka waione mahali upande ule unapofia.