Jina la Kuazima

Kampuni haina uso. Ina mhuri, ina nambari ya mlipa kodi, ina bango mlangoni, uso haina. Sasa tangu watu wa biashara wahamie kwenye mtandao wa LinkedIn, uliofunguliwa Mei 2003 na ambao mwaka 2023 ulitangaza kufikisha wanachama bilioni moja, imebidi kila kampuni itafute uso wa kuonyesha huko. Uso huo haupatikani dukani. Unaazimwa, tena unaazimwa kwa wafanyakazi. Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: je, mwajiri anayenilipa kwa kazi ya mikono yangu amenunua na jina langu pia?

Nieleze kidogo kwa wasioujua mtandao huo. Ukurasa wa kampuni haufunguki mpaka kwanza awepo mtu aliyejiandikisha kwa jina lake. Yeye ndiye anayeufungua na kuusimamia. Ukishafunguliwa, ukiuacha useme peke yake unasema kama tangazo la ukutani: watu wanapita tu. Lakini karani wa ghala akiandika kwa jina lake kwamba leo wametoa kontena tatu bandarini kabla ya adhuhuri, wanaomjua wanasoma, na wanaowajua hao nao wanasoma. Kwa nini? Kwa sababu yule karani anaweza kuona haya. Akidanganya, kesho atakutana sokoni na mtu atakayemwuliza. Kampuni haioni haya, bwana. Haijatokwa jasho la aibu hata siku moja tangu iandikishwe. Ndiyo maana inamhitaji karani.

Hapo ndipo agizo linapotoka ofisini: kila mmoja aweke maneno haya, "Najivunia kuwa mmoja wa familia hii." Maneno yameshaandikwa, kazi yako kubandika. Na mshahara wa mwezi jana haujatoka! Hebu tuulizane, uongo huo ni wa nani?

Wapo watakaonijibu, mbona kanga nayo husema maneno ambayo mvaaji hakuyatunga? Kweli. Jina la kanga limechapwa kiwandani na mtu asiyemjua jirani yangu wala ugomvi wake. Lakini mama akienda dukani anapekua, anasoma, anaacha hii anachukua ile, na anajua ataivaa siku gani apite mbele ya mlango wa nani. Kule kuchagua ndiko kunakoyafanya maneno yawe yake. Kanga za kampeni zinazogawiwa bure ni habari nyingine. Mtu huvaa kwa kuwa ni nguo, na hakuna anayemshika kwa maandishi yake. Msomaji wa LinkedIn, kwa bahati mbaya, hawezi kujua kama uliyovaa umeichagua au umegawiwa.

Simaanishi kampuni zisijitangaze, la hasha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini wahenga hawakuwa na mnunuzi aliyeko Hamburg. Mrina asali wa Tabora akiweka picha ya mizinga yake huko, anaweza kuonekana bila kumlipa dalali hata senti. Hiyo ni kheri, na anayeibeza hajawahi kutafuta soko.

Mimi mwenyewe nimo katika biashara hii. Nilimaliza kidato cha nne, riwaya yangu ipo sura ya saba, na wakati ikinisubiri naandika kwa malipo maneno ambayo mkurugenzi mmoja huyaweka kwa jina lake. Wenzangu wa kijiweni wananicheka, ati namtungia mtu akili. Huwajibu kwa habari za wale waandishi wa barua wanaosimuliwa na wazee, waliokuwa wakikaa karibu na posta na mashine zao za kupiga chapa. Yule naye aliandika "mimi" na kumbe si yeye. Lakini mwenye barua alikuwa ameketi ubavuni pake. Akisema ng'ombe amekufa, mwandishi anaandika ng'ombe amekufa, ila kwa ufasaha zaidi; kisha anamsomea, mwenyewe anaitikia, ndipo bahasha inafungwa. Ufasaha ulikuwa wa kukodi, ng'ombe alikuwa wake.

Kwa hiyo kalamu ya kukodi hainisumbui. Ninachokiogopa ni ng'ombe wa kukodi. Nimeombwa, tena si mara moja, nitunge kisa cha utoto wa bosi, jinsi alivyouza maandazi pekupeku, apate kupendwa. Kwenye riwaya ningekitunga usiku mmoja na kwa raha zangu, maana anayenunua riwaya anajua amenunua nini. LinkedIn haina jalada la namna hiyo. Masharti yake yenyewe yanamtaka mtu atumie jina la kweli na habari za kweli, na msomaji anakuja kwa imani hiyo. Kumletea kisa cha kutunga hapo ni kumwibia. Nikamwambia bosi anisimulie lolote lililotokea, hata dogo. Alinyamaza kitambo, kisha akanisimulia mzigo wa vipuri uliokwama siku 11 kwa tarakimu moja iliyokosewa kwenye hati, na jinsi mteja alivyomfokea mbele ya makarani wake. Hicho nikakiandika.

Limebaki moja ambalo bado linanikera. Mfanyakazi akipunguzwa kazini, zile sifa alizoagizwa kuweka zinabaki chini ya jina lake, si la kampuni. Anaweza kuzifuta, ndiyo. Akifuta, ataonekana mwenye kinyongo na wale anaowaomba kazi. Akiacha, anaendelea kumsifu aliyemtoa. Binti mmoja ninayemfahamu ameziacha. Anasema zimeshasomwa.