Kicheko na Siri ya Mtungi

Jioni moja mjini London nilikwenda kumsikiliza David Sedaris, mwandishi wa Marekani ambaye insha zake zimenichekesha kwa miaka mingi. Yeye husoma akiwa na penseli: ukumbi ukicheka, hutia alama pembeni mwa ukurasa, ukinyamaza, hutia alama nyingine, kisha huirekebisha insha. Malighafi yake kubwa ni wazazi na ndugu zake.

Nilicheka pamoja na wenzangu mpaka nilipoiona penseli ikiinama. Siri ya mtungi aijuaye kata. Je, kata ina haki ya kuimwaga hadharani? Swali hilo nilizoea kumwachia mwandishi. Usiku ule niliona kwamba linatuhusu na sisi tusikilizao. Aibu ya baba ikichekwa, hubaki kitabuni. Isipochekwa, huenda ikafutwa. Kucheka kwetu nako ni kuhariri.

Sisemi tusicheke. Sedaris hujicheka mwenyewe kwanza. Lakini nami nimewahi kuwachekesha marafiki hapa ugenini kwa Kiingereza cha mama yangu alipozungumza na daktari. Walicheka sana, nami nikaikariri hadithi hiyo kila karamu, nikiinogesha. Mama hajawahi kuulizwa.