Kufuli ya Pili

Wajukuu zangu mnaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne, jambo hili niliwaambia likizo iliyopita. Nalisema tena taratibu, maana Novemba haiko mbali na mimi bado nina pumzi ya kulisema. Akaunti mnayosomea masomo ya Shule Direct na mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita mmeifungua kwa barua pepe, na barua pepe yenyewe mmeilinda kwa jina la timu ya mpira na mwaka wa kuzaliwa. Nenosiri hilo darasa zima linalijua. Mmoja akiingia akalibadilisha, kazi yenu ya miezi imekwenda.

Mama zenu wanalielewa jambo hili kuliko ninyi. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu. Aliyeiba ufunguo mmoja hajapata kitu. Uthibitishaji wa hatua mbili ni vivyo hivyo: nenosiri mnalijua kichwani, simu mnayo mkononi, na anayetaka kuingia lazima awe na vyote viwili.

Hapa ndipo mnapoharakisha. Mnaagiza tarakimu sita za uthibitisho ziletwe kwa ujumbe kwenye laini yoyote iliyo karibu: ya binamu, ya kijana wa bodaboda, ya kaka aliyehamia Arusha. Najua shuleni simu haziruhusiwi, ndiyo maana mnaazima. Lakini laini ikikaa muda mrefu bila kutumika huweza kufutwa ikapewa mtu mwingine, na tarakimu zenu zitamfuata huyo. Mama apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, mwandikishe mojawapo ya hizo.

Bora zaidi ni programu kama Google Authenticator kwenye simu ya nyumbani. Mkishaiunganisha na akaunti, inatoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30, bila bando wala mtandao. Kwetu huku Kibosho juu, karibu na msitu, hilo si dogo. Ila saa ya simu iwe sahihi, kwa sababu programu hukokotoa tarakimu kwa kufuata saa. Nimewaona watoto wakilia kwamba imeharibika, kumbe mtu amerudisha saa nyuma.

Kama barua pepe yenu ni ya Google, watawapa pia namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8 na ya kutumika mara moja tu. Msizipige picha zikabaki kwenye simu ileile. Zinakilini kwa kalamu, karatasi ikae kwenye bahasha ya vyeti vya ubatizo.

Halafu atapiga mtu mwenye sauti ya upole. Atasema ana pepa iliyovuja, au anarekebisha akaunti yenu, mmsomee tu tarakimu zilizoingia sasa hivi. Msimsomee, hata akilitaja jina la shule yenu, hata akiwaita wanangu. Ni wale wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Namba yake iripotini 15040.

Jumamosi mama akirudi kutoka soko la Mbuyuni, mwacheni ale kwanza, kisha ketini naye muwashe uthibitishaji huo wa hatua mbili. Mkimaliza, tokeni kwenye akaunti mkaingie upya yeye akiona. Ikikubali, fungeni mabegi ya shule.