Ujumbe Uliotumwa Mara Mbili

Sisi wa Ilongero maji makubwa tuliyoyazoea ni ya maziwa ya Singidani na Kindai, pale mjini Singida. Bahari ni safari ndefu ya basi. Lakini vijana wetu wanaomba kujiunga na JWTZ kama vijana wa mikoa mingine, na yeyote kati yao anaweza kujikuta Kigamboni, kwenye Kamandi ya Wanamaji, akiwa amevaa vipokea sauti masikioni na ujumbe wa meli uko mikononi mwake. Kisa hiki nawaandikia hao kwanza.

Tarehe 5 Aprili 1942, ndege za Japani zilishambulia Colombo, katika kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka. Waingereza walikuwa na kikosi chao cha kuvunja mafumbo hapo, watu wa hesabu na wa lugha ya Kijapani, ambao walikuwa wameshahama Hong Kong kwenda Singapore, kisha Singapore kwenda Colombo. Wakafungasha tena. Safari hii wengi wao waliletwa Mombasa, wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram yanayotazama bahari, na kituo chao kikajulikana kwa jina la Kilindini.

Mahali penyewe hapakuwafaa. Mawimbi ya redio ya Wajapani yalifika Mombasa yamechoka, na mengi hayakufika kabisa. Opereta wa meli ya Kijapani aliyekuwa ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, au mbali zaidi ya hapo, angecheka kama angeambiwa kwamba kuna watu kwenye madawati ya shule Afrika Mashariki wanaosubiri akosee.

Fumbo lililowasumbua Waingereza liliitwa JN-40. Lilitumiwa na meli za biashara za Japani, zile zilizosafirisha mizigo na askari. Kwa muda walidhani limejengwa kama JN-25, fumbo la meli za kivita, yaani kitabu cha maneno ya siri kisha tarakimu za ziada zinajumlishwa juu yake. Walikuwa wakigonga mlango usio sahihi. JN-40 lilikuwa na hatua mbili: kwanza maandishi yanageuzwa kuwa tarakimu mbilimbili kwa jedwali, halafu tarakimu zinapangwa kwenye safu na kuchanganywa kwa mpangilio wa siri, ambao ndio ufunguo.

Septemba 1942 opereta mmoja alituma taarifa ya meli, akasahau kutaja mahali ilipo. Alipogundua, aliongeza kilichopungua, akautuma ujumbe wote upya kwa ufunguo uleule.

Basi. John MacInnes na Brian Townend, waliokuwa Kilindini, walipata kitu ambacho mvunja fumbo hukiomba usiku na mchana: ujumbe mmoja kwa sura mbili, tofauti yake ikiwa ni kipande kidogo tu. Ukiziweka sura hizo mbili pamoja, unaona tarakimu zipi zimesukumwa na zimesukumwa hadi wapi, na kutokana na msukumo huo unaanza kuuona mpangilio wenyewe. Hawakuhitaji kuiba kitabu wala kumhonga mtu. Yule opereta hakuwa msaliti. Alikuwa mtu anayetimiza wajibu wake kwa bidii, akitaka taarifa yake ikamilike. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki.

Leo meli za kivita hupeana mengi kuliko maneno. Kilichoonekana kwenye rada ya meli moja hutokea kwenye skrini ya nyingine papo hapo, kwa mitandao kama Link 16, inayoruka kutoka masafa hadi masafa maelfu ya mara kwa sekunde, na funguo zake hubadilishwa kwa ratiba. Nchi inapotangaza kwamba inaboresha mawasiliano ya wanamaji wake, mazungumzo yetu huishia kwenye bei ya mitambo. Mimi ningeuliza kwanza kuhusu mafunzo ya mtu wa zamu ya saa nane usiku. Mtambo wa kompyuta nao, ukitumia ufunguo uleule mara mbili pale usipotakiwa, hufunguka kwa mantiki ileile ya 1942. Mpe askari mtambo mpya bila kumzoesha kusema, mbele ya mkubwa wake mwenye haraka, "Subiri, mkuu, huu unahitaji ufunguo mwingine," na fedha zote zilizonunua mtambo ule zitakuwa zimelinda nusu ya siri.

Maana hasara ya kosa hili haiishii kwenye ujumbe uliokosewa. Kufikia Novemba 1942, Kilindini walikuwa wakisoma kila ujumbe wa JN-40 ulipoingia, na pia ule wa zamani wote waliokuwa wameurekodi bila kuuelewa. Maopereta waliokuwa makini miezi yote iliyotangulia, wasiokosea hata mara moja, siri zao zilifunguliwa pamoja na za mwenzao mmoja. Katika wiki mbili zilizofuata mafumbo mengine mawili yalivunjwa, JN-167 na JN-152, na misafara iliyobeba askari wa Japani ikawa inajulikana iliko na inakoelekea, huku wale waliokuwa ndani yake wakiamini kwamba bahari imewaficha.