Mkimbiaji na Kiatu Chake

Jioni ya tarehe 10 Septemba, 1960, katika mji wa Roma, Abebe Bikila, askari wa ulinzi wa mfalme wa Uhabeshi, alikimbia mbio za marathoni kwa miguu mitupu, akawashinda wakimbiaji wa dunia kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye alishinda tena mjini Tokyo, safari hiyo akiwa amevaa viatu, na muda wake ulipungua kwa dakika 3. Mtu alikuwa yule yule, na umbali ulikuwa ule ule. Mwepesi wa hukumu atasema kuwa dakika hizo tatu zilikuwa za kiatu. Lakini Bikila alifika Tokyo wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Tena alikuwa na miaka minne zaidi ya mazoezi. Ni nani awezaye kuzigawa dakika hizo kwa haki, akasema hizi ni za kiatu, hizi za mwalimu, hizi za mapafu, na hizi za moyo?

Swali hili si la wanamichezo peke yao. Ni swali la kila mtu apewaye sifa: katika jambo alilolitenda, kilicho chake hasa ni kipi?

Tangu siku ile ya Roma muda wa mbio hizo umezidi kupungua. Mwaka 2023, mjini Chicago, Kelvin Kiptum wa Kenya aliumaliza umbali huo kwa saa 2 na sekunde 35. Lau wawili hao wangalikimbia pamoja, kila mmoja kwa mwendo wa siku yake, Kiptum angalifika mwisho ilhali Bikila yu nyuma kwa zaidi ya kilomita 4. Ni rahisi kudhani kwa hesabu hiyo kwamba watu wa leo ni bora kuliko watu wa jana. Lakini saa ni shahidi asemaye nusu ya kweli. Hutaja muda uliopita, wala haitaji ulipunguzwa na nini.

La kwanza ni kifaa. Kiatu cha mbio cha siku hizi kina soli nene ya povu jepesi, libonyealo na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyolikanyaga, na ndani yake mna bamba gumu la kaboni. Mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia liliona lazima kuweka mpaka: soli ya kiatu cha barabarani isizidi unene wa milimita 40, na bamba lisizidi moja. Katika kuruka kwa upondo jambo hili huonekana wazi zaidi. Mwaka 1942 Cornelius Warmerdam wa Marekani aliruka mita 4.77 kwa upondo wa mwanzi. Mwaka 2024, mjini Paris, Armand Duplantis wa Uswidi aliruka mita 6.25 kwa upondo wa kisasa upindao kama uta na kumrusha mwenyewe juu. Karibu mita moja na nusu imo kati yao. Na mwanzi haukuwa kosa la Warmerdam.

La pili ni mafunzo. Bikila alikuwa na mwalimu, Onni Niskanen wa Uswidi. Wakimbiaji wa Iten, nchini Kenya, hujizoeza kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na mwili hulazimika kuongeza chembe nyekundu za damu. Mkenya mwingine, Julius Yego, alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama filamu za warushaji wa mbali katika intaneti, akawa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Hata aliyejifunza peke yake alifundishwa na watu wasiomjua.

La tatu ni mwili. Mpira wa kikapu huwataka warefu. Mbio ndefu huwataka wepesi wenye miguu myembamba, kwa kuwa uzito ulio mwisho wa mguu hugharimu nguvu nyingi zaidi kuliko uzito ulio kiunoni. Hapa ndipo hoja ya wadharauo kiatu inapojikwaa. Wakisema kiatu si sifa kwa sababu kimenunuliwa, na muundi nao si sifa, kwa sababu umerithiwa. Hapana mtu aliyejichagulia mifupa tumboni mwa mama yake.

Je, mkimbiaji hana lake basi? Hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho, hakuna mtu atakayebaki na sifa wala lawama. Lakini mkulima naye hakuumba mbegu wala hakuleta mvua, na hata hivyo hakuna asemaye kuwa mwenye bidii na mvivu ni sawa. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Kifaa, mafunzo na mwili ni amana. Sifa ya mtu imo katika namna alivyoitumia amana yake.

Kwa hiyo mshindi anawiwa shukrani kwa waliomtangulia, nao waamuzi wanawiwa uadilifu. Ikiwa kiatu kina fungu katika ushindi, basi shindano la wenye viatu visivyolingana hupima mifuko pamoja na miguu. Mwaka 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akitanguliwa na wakimbiaji waliopokezana kumkinga na upepo. Muda huo haukuandikwa katika rekodi. Kutoandikwa huko hakukuwa dharau. Kulikuwa kukiri kwamba tendo kubwa na shindano la haki ni vitu viwili. Mwanachuoni naye ajipime hivyo: vitabu alinunuliwa, akili alizaliwa nayo, elimu alifundishwa. Asimcheke aliyeachwa nyuma kabla ya kuuliza alianzia wapi.

Mwaka 1968, katika mji wa Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katikati ya marathoni na kuumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Uhabeshi, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa nzima baadaye, giza limekwisha ingia na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akauvuka mstari akiwa wa mwisho. Wengine kadhaa walikuwa wameziacha mbio njiani. Kiatu hakiwezi kuzidai hatua zile, wala mwalimu, wala goti, ambalo lilikuwa limekwisha kukataa. Hizo zilikuwa zake.